Mwalimu wa Kiti Kifupi

Mwalimu wa binti yangu hukalia kiti cha watoto, magoti yakikaribia kidevu, na sauti yake ina mkwaruzo kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Binti yangu ana disleksia. Akili anayo tele, ila herufi humchezea, na zamu yake ya kusoma ikikaribia huinuka akachonge penseli. Nyumbani kwangu penseli huisha upesi kuliko sukari. Walimu waliotangulia walimwita mvivu. Huyu humngoja amalize kuchonga, humvutia kiti, husema, "Haya mama, twende wote," wakasoma pamoja, kidole cha mwalimu kikitembea chini ya maneno.

Juzi nilienda kumchukua mapema. Mlangoni nilisikia sauti moja tu, nyembamba, ikijikwaa na kuinuka tena. Mwalimu alikuwa amefumba midomo. Kidole ndicho kilichokuwa kinatembea. Ukurasa ukaisha.

"Mwalimu, mbona ulinyamaza?" binti yangu akamuuliza.

"Nilikuwa nasikiliza hadithi."

Nilianza kumshukuru. Akanipungia mkono kama anayefukuza nzi. Nyumbani nilifungua mkoba wa binti yangu. Penseli niliyomchongea asubuhi ilikuwa ndefu vilevile.