Mama Yangu Alibeba Kosa la Doa Kwenye Kaunta ya Mume Wangu

Admin, jina langu liache hukohuko, maana Tukuyu ni ndogo na kaunta ya jikoni kwangu inajulikana kuliko mimi. Nina miaka thelathini na moja, nina mtoto mmoja wa miaka mitano, na mwingine yuko tumboni, mwezi wa nane sasa. Mume wangu ni dalali wa parachichi. Tumejenga Makandana, na ndani ya nyumba hiyo kuna jiwe jeusi la granaiti juu ya kaunta ambalo bwana huyu analiheshimu kuliko mtu yeyote aliyezaliwa na mwanamke.

Msidhani natia chumvi. Akirudi jioni hanisalimii mimi, anainama pembeni ya kaunta, anafumba jicho moja, anaangalia kama kuna michirizi. Mtu mzima na kitambi chake. Akiona mchirizi mmoja ananiita, "Mama Ester, hii nini?" Ni maji, baba. Ni alama ya kitambaa. Hapa kwetu ukungu unaingia hadi kabatini, kitambaa gani kinakauka? Nimefika mahali nakausha matambara juu ya jiko la mkaa ili nikafutie jiwe.

Fundi aliyelifunga alinielekeza mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama mbele yake. Kitambaa cha kwanza maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, cha pili kikavu, unafuta hadi jiwe likauke kabisa. Usiweke limau, usiweke siki, usisugue kwa majivu wala steelwaya. Shikeni hilo, nitalirudia.

Sasa kichekesho ni kwamba humo jikoni hatupiki. Jiko la gesi bado lina nailoni yake. Wageni wa kwaya wanaletwa kulitazama, wanasifu, halafu mimi na tumbo langu tunaenda kupuliza kuni kwenye kibanda cha nje. Na mimi nilikuwa mjinga tu, maana picha ya kaunta nilishaiweka status siku tatu mfululizo.

Mwezi uliopita mama yangu alikuja kutoka Lufingo kunijulia hali, na mkungu wa ndizi kichwani. Mvua ilikuwa inanyesha, kuni mbichi, moshi unanikaba. Mama akaniangalia akasema, "Kaa chini, mwanangu. Leo tunapika humu ndani, nitamenya hapahapa." Akamenya juu ya jiwe. Mnajua utomvu wa ndizi mbichi. Mama alipotoka kumpelekea nguruwe maganda, nikaona doa la kahawia limeganda. Sabuni haikulitoa. Saa ya bwana kurudi imekaribia, nikakata limau nikasugua, kama tunavyosugua mikono baada ya kumenya. Kisha nikaliacha lile limau limelala palepale nikaenda kutafuta kitambaa kikavu.

Utomvu ulitoka. Mahali pake pakabaki duara lililofifia, kubwa kama kitako cha kikombe, halina mng'ao hata ufute vipi. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliniona na limau mkononi.

Bwana akaingia, akainama, akafumba jicho lake. "Nani amefanya hivi?"

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi. "Ni mimi, baba. Mikono yangu hii ya shamba."

Kwetu mwanaume hampandishii sauti mama mkwe, hata kama amelewa. Huyu hakuwa amelewa. Alimsimamisha mama yangu mbele ya mjukuu wake akaanza kumfundisha habari za vitambaa viwili, kama anamfundisha mtoto wa chekechea. Akamalizia, "Mama, hili jiwe si la kumenyea ndizi za kijijini. Mkija hapa kaeni sebuleni, binti yenu atawahudumia." Mama aliangalia chini muda wote. Akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, baba, nimesikia." Akajifunga kanga yake akaondoka na mvua ileile, ndizi zikiwa bado jikoni.

Na ndizi zile za kijijini bwana alikula sahani mbili.

Mimi nilifanya nini? Nilipakua.

Sasa ninakaribia kujifungua. Ester alipozaliwa tulikuwa chumba kimoja cha kupanga, na mama ndiye aliyenikanda, akanipikia uji, akalala chini kwenye mkeka mwezi mzima. Safari hii nikimpigia ananiambia, "Nitakuja kukuona hospitali, mwanangu. Nyumba ile siingii." Bwana naye ameshasimulia kanisani na kijiweni kwamba mama mkwe kamharibia jiwe. Anasema mama anakaribishwa, ila kwanza aje na mtu wa ukoo, aombe radhi, waelewane kuhusu jiko. Juu ya lile duara ameweka chombo cha maua ya plastiki, na ukutani kabandika karatasi: NDIZI NJE.

Namdharau, sifichi. Lakini juzi nilikuwa nimesogeza maua nafuta pale, Ester akaja akasimama pembeni yangu. Akaniuliza, "Mama, hapa ndipo bibi alipochafua?"

Nikamjibu, "Ndiyo."

Tangu hapo nikimtazama mume wangu akiinama kwenye lile jiwe, dharau yote inanirudia mimi. Mama ananilinda mimi mwanawe, na mimi namfundisha mwanangu kumdharau bibi yake. Nikisema ukweli, bwana ataaibika mbele ya watu wote aliowasimulia, na hasira yake naijua, itaniangukia na tumbo hili. Nikinyamaza, nitajifungua bila mama.

Nitukaneni mkitaka, nimestahili. Ila mkimaliza mnishauri: ukweli huu nianze kumwambia nani, mume wangu au mtoto?