Bomba la Machimboni

Mtaa mzima unamwita baba mkwe wangu Mzee Koki, kwa sababu hakuna koki mtaani ambayo hajawahi kuifungua. Alipostaafu ufundi bomba tulidhani atatulia nyumbani. Wapi! Aliingia kwenye mchezo wa kuficha vitu. Anachukua kipande cha bomba la plastiki, anatia karatasi ya kuandika majina, anaziba pande zote mbili, anakwenda kukificha kusikopita mtu. Kisha anaweka nambari za mahali pale mtandaoni, ili watu wasiomjua waje kukitafuta kwa simu zao. Mimi ninayehema kwa kupanda ngazi za kwangu sikuielewa starehe hiyo, ila nilipenda jinsi ilivyomchangamsha.

Balaa lilianzia kwenye bomba alilolificha machimboni. Watafutaji, mmoja baada ya mwingine, waliandika kwamba nambari zimewafikisha mtaroni na hakuna kitu. Mke wangu, mwanawe wa pekee, aliyasoma maoni hayo mtandaoni akabadilika uso. Juzijuzi tu alikuwa amemkuta mzee jikoni, sufuria inaungua, yeye anaitazama kama si yake. Akaamua twende wote watatu. Baba akilipata bomba aliloficha mwenyewe, yeye binti hatatia neno tena. Asipolipata, anahamia kwetu, na funguo za nyumba yake atazishika binti yake. Alimwambia hivyo mbele yangu. Mzee alicheka kwa kujilazimisha, akaenda kuchukua viatu vyake.

Tuliliacha gari nyuma ya rundo la kokoto, mahali ambapo simu zetu zote zilikuwa zimekwisha kupoteza mtandao. Mzee alishika simu yake mbele, tukamfuata. Nambari zilitupeleka moja kwa moja mtaroni. Akageuza mawe, akaingiza mkono kwenye majani, akarudia yale yale aliyokwisha kuyageuza. Hakuna kitu.

"Siyo hapa," mzee alisema mwishowe.

Alivuka kiwanja hadi chini ya ukuta wa mwamba, mrefu kuliko ghorofa. Alipapasa ufa wa kwanza, mtupu. Wa pili, mtupu. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola. Nilikuwa tayari nimeanza kufikiria chumba gani tumpe aliposukuma jiwe moja kwa goti, akatoa bomba, vumbi tele, vifuniko vyake vyote viwili mahali pake.

Mke wangu alishusha pumzi, ila si mtu wa kuridhika haraka. Alisema bahati inaweza kumwonyesha mtu yeyote jiwe. Kwa nini basi nambari zilikuwa za mtaroni?

Mzee aliilaza simu juu ya jiwe, uso juu, akatukataza kuigusa. Akaeleza kwamba simu husoma satelaiti hata bila mtandao, lakini mtandao ndio huiambia upesi satelaiti ziko wapi. Bila huo, hubahatisha kwanza. Na ukuta ule huzirudisha ishara zikaja kwa kupinda.

"Ni kama mtu aliyeamshwa usingizini," alisema. "Usimuulize kitu kabla hajanawa uso. Siku niliyoficha bomba mvua ilikuwa inakuja, nikamuuliza hajanawa."

Akaizima na kuiwasha upya. Duara la buluu la kuonyesha mahali tulipo lilitokea, pana, na katikati yake nambari zile zile za mtaroni, nasi tumesimama ukutani. Mke wangu aliinama akazitazama. Kisha akaisogeza simu mbali na ukuta alivyoelekezwa na baba yake, penye anga wazi, tukangoja. Duara likanywea polepole. Nambari zikarukaruka, zikatulia. Mzee akachukua kipimo, akangoja, akachukua kingine, hadi vikakubaliana, kisha akapima kwa hatua kutoka pale hadi kwenye ufa.

Mke wangu alimkumbatia akalia. Akamwomba radhi kwa maneno yake, kwa funguo, kwa kila kitu. Nilifurahi mno, nikamtania mkwe wangu kwamba simu yake ndiyo inayostahili kuhamia kwetu. Akacheka kweli safari hii.

"Haya, twende nyumbani," mke wangu alisema. "Tangulia, baba."

Mzee alipiga hatua moja akasimama. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Rundo la kokoto tulikoacha gari lilikuwa palepale, kila mtu analiona. Nilifungua mdomo, akaniinulia kiganja.

"Usiniambie, mkwe. Nipe muda kidogo. Nitatulia."

Tulingoja. Mke wangu alikuwa ameshika simu ya baba yake kwa mikono miwili, na sikuthubutu kumtazama usoni. Nilimwomba Mungu kimoyomoyo. Hatimaye mzee alinyoosha kidole, bila wasiwasi wowote, kuelekea mtaroni.

Hakuna aliyemrekebisha. Alitugeukia, akatazama uso wa binti yake kwa muda mrefu, na alichokisoma pale kilimtosha. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo zake, akamwekea kiganjani.

"Wa mlango wa nyuma huwa unakwama," alimwambia. "Uuvute kwanza, ndipo uuzungushe."