Unene wa Bibi Somoe

Hadi leo nikisikia kidonge kinatumbuliwa kutoka kwenye karatasi yake ya bati, taya zinanikaza. Ni mlio mdogo tu, tak, lakini ndio ulionilea. Bibi yangu Somoe, mama mzaa mama, alitumbua viwili kabla ya kushuka pwani, viwili akirudi, na kimoja kwa ajili ya maumivu ya kesho. Ukimuuliza maumivu ya kesho yanatibiwaje leo, anakwambia wewe hujui kitu.

Wanawake wa kwetu, karibu na Palma, kaskazini mwa Msumbiji, waliokota chaza na kombe maji yakitoka. Siku za bamvua bahari inakwenda mbali, nao wanaifuata, wameinama mpaka maji yageuke. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema bibi, na kweli aliinama, jua lote lile bila tone la maji kinywani, maana dumu la maji na ndoo ya chaza ni mizigo miwili na kichwa ni kimoja. Vile vidonge vyekundu viliuzwa kibandani kati ya sabuni na biskuti, na hakuna aliyevihesabu kuwa dawa. Mgeni akilalamika kiuno, alikaribishwa kimoja kama anavyokaribishwa chai.

Basi ukaja mwaka watu wa kampuni ya gesi walipojaa kwetu. Magari meupe, kofia ngumu, mikutano isiyokwisha. Mwaka huohuo bibi akaanza kushuka pwani kila siku, hata siku za maji mafu ambapo hakuna chaza wa maana. Vidonge vikaongezeka. Na bibi akaanza kunenepa.

Alinenepa uso kwanza, kisha miguu. Asubuhi macho yalifunguka kwa shida, na kandambili zikakataa kumwingia. Ungedhani watu wangeshtuka. Wapi! Jirani yetu Bi Zaina alikuja kumpongeza.

"Somoe, gesi imeshakufikia! Tizama mashavu hayo, dada."

Na bibi, badala ya kusema anaumwa, alichekelea, akajipaka msiro, ule unga mweupe wa mti, akapita kijijini polepole kama mke wa administrador, mkuu wa wilaya. Wengine wakamnunia, eti keshalipwa kwa siri. Nami, mjinga wa miaka kumi, nilijivuna shuleni kwamba bibi yangu anakula vizuri. Hata kula alikuwa hali! Chakula kilimchefua, na mkojo wake, niliokuwa nikiumwaga asubuhi, ulikuwa kidogo, wa rangi ya kahawa, una povu.

Nilimwambia twende hospitali. Akanijibu kwa utani wetu wa bibi na mjukuu: "Mke mwenzangu, unataka wanilaze huko ubaki na mume peke yako?" Babu alikuwa amekufa kabla sijazaliwa. Nilicheka, na kicheko kile sijakisamehe.

Siku aliyoshindwa kuinuka mkekani, mimi na Bi Zaina tulimfikisha hospitali ya Palma. Enfermeiro, yaani muuguzi, kijana mpole, alimbonyeza mguu kwa kidole na shimo likabaki. Akauliza anatumia dawa gani.

"Sinywi dawa yoyote, mwanangu," alisema bibi, na wallahi hakuwa anadanganya.

"Hanywi," akaitikia Bi Zaina.

Nilisimama pale nikiwatazama watu wazima wawili wakiapa. Nikafungua fundo la kanga ya bibi na kumwaga mezani rundo la karatasi tupu za vidonge. Bibi alinifinya mpaka nikalia.

"Figo zako zinaumia, bibi," alisema enfermeiro. "Vidonge hivi ndivyo vinavyoziharibu, na ile kiu ya pwani inazidisha. Ukiacha leo, huenda zikarudi. Usipoacha, mimi sina cha kukupa."

Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. La bibi lilikuwa limesikia dawa kupita kiasi.

Aliacha, kwa manung'uniko ambayo kijiji kizima kiliyasikia. Nilimkanda kiuno kwa maji ya moto huku akinitukana. Alikunywa maji kwa kipimo alichopewa, akarudi kupimwa mara kwa mara. Mkojo ukaongezeka, ukawa safi, uvimbe ukashuka, na mwishowe enfermeiro akasema figo zimepata nafuu. Na kijiji je? Bi Zaina alishika kiuno: "Masikini Somoe, umekondaje hivi! Gesi imekuponyoka." Watu walikuja kumpa pole kwa kupona. Nilitamani kupiga mayowe.

Kwa miaka mingi nilidhani vile vidonge vilikuwa ukaidi tu. Nilipokuwa mtu mzima, naye amehamishiwa Quitunda, kijiji cha waliopisha mradi wa gesi, kwenye nyumba ya matofali mbali na maji, nilimuuliza kwa ukali kwa nini alitaka kujiua vile.

"Kwenye mkutano walisema pwani itafungwa," alinijibu. "Wanaume wakauliza habari za fidia ya minazi. Hakuna aliyeuliza habari za chaza. Nikaona bora niende kila siku, maadamu bado naruhusiwa. Bila vidonge mgongo ulikataa."

Nilikuwa nimekwenda kumgombeza, na nikamgombeza, machozi yakinitoka: kwamba angeniambia tu, hata kwa miaka yangu kumi, ningeshuka naye, tukainama wawili.