Ngozi Iliyoanikwa Misioni

Papa yangu alikuwa na sahani ya nyama mukononi alipoona ile ngozi. Ilikuwa Noeli, nyuma ya kanisa ya misioni, hapa Goma, watu wameketi kwenye majani wanakula. Ngozi ilikuwa imetandazwa juu ya uzio, nyekundu, na doa jeupe begani lenye umbo la jani la maharagwe. Lile doa nililijua. Nilikuwa nalipapasa tangu ng'ombe ile ilipozaliwa.

Papa hakulia. Aliweka sahani chini polepole, kama mutu anayeogopa kumwaga muchuzi, akapangusa vidole kwenye koti yake. Muzungu wa misioni akamuona, akaja anacheka, akamushika mabega.

"Papa, kula. Hii ni ng'ombe yako. Leo umelisha kanisa yote."

Papa akamujibu, "Asante, rafiki yangu."

Nitaeleza namna tulifika pale.

Tulikaa milimani, upande wa Masisi. Miaka ile ya Zaïre, wakati kila mutu aliitwa sitwayen, yaani mwananchi, na majina ya ubatizo yalikatazwa, yule muzungu na muke wake walianza kutembelea nyumba zetu. Sisi tulikuwa Wakristo tayari. Walisema wanataka tu kujua familia, wanataka urafiki. Na kweli, walijua kukaa na watu. Bibi aliketi kwenye mukeka, akajifunza kutikisa maziwa ndani ya kibuyu mpaka siagi itoke, mama akamucheka: "Wewe unatikisa kama mutu anafukuza nyuki." Bwana alikula maharagwe yetu bila kuchagua, na kila akifika alipita kwanza zizini kusalimia ng'ombe, ndipo alisalimia papa. Ni hapo papa alimupenda. Wazungu wengine walileta dawa na sukari, papa akawashukuru, basi. Huyu alimupenda.

Kila mara walikuja na mwinjilisti wao, kijana wa milima yetu, mutoto wa wafugaji kama sisi. Huyo musimusahau.

Kwetu, mutu ukimupenda kweli unamupa ng'ombe ya kike. Hiyo haiuzwi na haichinjwi. Rafiki anakunywa maziwa yake, na ikizaa, ndama wa kike wa kwanza anarudi kwako. Ndiyo sababu wafugaji wanaweka ng'ombe kwa marafiki wa mbali: ugonjwa ukimaliza zizi lako, unashuka kwa rafiki, unaanza tena na ule uzao. Na hayo yote hayasemwi. Ukimuambia rafiki, "Usisahau kunirudishia," umemutukana, umemuita mwizi na hajaiba kitu.

Kwa hiyo papa hakusema. Alichagua iliyo nzuri kuliko zote, tukaishusha kwa miguu, yeye mbele, mimi binti yake nyuma na fimbo. Pale misioni alisema tu: "Nakupa hii. Sasa sisi ni ndugu." Muzungu alitoka machozi. Aliweka mukono juu ya kichwa ya ng'ombe, akaomba. Mwinjilisti alisimama kando yetu, akaitika amina.

Halafu ugonjwa ulipanda milimani. Ng'ombe zilitoka mate, zikalala, hazikuamuka. Mwishoni zizi lilibaki tupu, mama akalifagia, akapanda mboga ya lengalenga. Majirani walilia. Papa hakulia sana. Mwinjilisti alikuwa amepita akamupa habari kwa kinywa chake mwenyewe: "Ng'ombe yako kule chini iko na mimba, muzee." Papa akamuambia mama, "Unaona? Hatujaisha."

Ndiyo tukashuka kwa Noeli. Papa hakuenda kudai. Alienda kusalimia, rafiki amuone namna amekonda, aelewe mwenyewe.

Tulipoacha ile sahani tukamukuta mwinjilisti kwenye mulango wa uzio, mikono ya shati imekunjwa, damu imekauka kwenye viwiko.

"Ulikuwepo siku nilitoa," papa akamuambia.

"Nilikuwepo, papa."

"Na unajua ng'ombe ya urafiki ni nini."

"Muzee, wazungu walitaka nyama ya Noeli. Mimi ni nani wa kuwakataza? Tena mutu akitoa, ametoa."

"Na mimba?"

Akaangalia viatu vyake. Vilikuwa vipya. "Rudi ukule, muzee. Nyama haina hatia."

Baadaye mupishi wa misioni alituambia kilichopita. Muzungu alikuwa ameuliza, na alimuuliza mwinjilisti huyo huyo: "Tukichinja hii, papa hatakasirika?" Akamujibu, "Hapana, atafurahi sana." Alikuwa anangoja kufanywa pasta. Hakutaka kuwa mutu wa kusema hapana.

Muzungu naye simusafishi. Alikaa kwenye mukeka wetu miaka, akajua kibuyu, akajua salamu, na hakuuliza papa mwenyewe neno moja juu ya ng'ombe. Alipanda tena kwetu, akauliza kwa nini hatuonekani. Papa alimupa kiti na maji. Maziwa hayakuwepo. Mwishowe alirudi kwao, na nafikiri mpaka leo anasimulia kule habari ya masikini mukarimu wa milimani.

Sisi tulishuka Goma. Papa, aliyekuwa na zizi, alibeba mizigo ya mitumbwi pale Kituku, kwenye ziwa, mpaka mugongo ukakataa. Alikufa bila kufuga tena hata mbuzi. Mama alimufuata. Mimi masomo niliacha primeri, shule ya musingi, ndiyo maana naandika hivi ninavyoandika. Wadogo zangu vita iliwachukua. Kati ya wale walioijua ile ngozi, hapa nimebaki mimi, na wewe mwinjilisti.

Wewe ni muzee pasta sasa, uko na kanisa yako hapa mutaa wa Mapendo, na kila Noeli unahubiri juu ya kutoa. Jina lako siliandiki, unajijua. Ng'ombe sikudai. Nataka Noeli inayokuja, watu wakiwa na sahani mikononi, usimame mbele yao, na mimi nikiwa pale, uwajibu: muzungu alipokuuliza kama papa yangu atakasirika, ulimuambia nini? Na uliyajua yote, kwa nini ulimuambia vile?