Mwaka Baba Alipoacha Hina

Kila Ramadhani ikielekea ukingoni, nyumbani kwetu Ngamiani mama alitwanga majani ya mhina, akayachanganya na maji ya ndimu, akampaka baba ndevu. Iliyobaki tuliimalizia sisi wanawake mikononi na miguuni. Siku ya Idi baba alitoka na ndevu nyekundu, nami nikajiona binti wa mtu. Sikuwa nimeona mwanamume mzuri kumshinda.

Mwaka mmoja, katika ile miaka ya hamsini, alirudi kutoka duka la Mhindi na kikaratasi cha unga mweusi. Ilikuwa piko, ile rangi nyeusi ya kufichia mvi.

"Mwaka huu utanipaka hii," alimwambia mama.

Mama alikuwa ameshatwanga hina yake. Aliutazama ule unga, hata mkono hakuunyoosha. "Bwana, hina ni sunna. Nyeusi wanachuoni wanaikataza, na wewe wajua kuliko mimi."

"Najua."

Kweli alijua. Lakini alijua pia kwamba bandarini kumekuja nyapara mpya, na kila asubuhi husimama langoni akichagua vibarua kwa macho. Wenye ndevu nyeupe aliwarudisha, na wenye ndevu za hina vilevile. Kwa miaka mingi kazi ya baba ilikuwa kukaa ghalani na sindano, akishona magunia ya kahawa yaliyopasuka. Sasa alikuwa akirudishwa tangu katikati ya mwezi, na futari yetu ilikuwa muhogo mtupu, hata tui hauna.

"Umri wangu Mungu anaujua," baba alisema. "Nyapara si lazima aujue."

Jirani yetu, ambaye ua wa makuti haukuwahi kumzuia kusikia kitu, akaangua kicheko upande wa pili. "Shoga, shauri yako! Mwanamume hapaki piko bure. Waletewa mwenza huyo!"

"Na aje," mama akajibu. "Atakuja kula nini?"

Mimi nilikuwa nimekaa uani, nimetangulia kupakwa hina mikononi, siwezi kushika kitu. Mdomo ndio ulikuwa huru. Nikamwambia baba kwamba nyeusi haitampendeza.

Alinitazama bila kukasirika. "Mwanangu, sipaki nipendeze."

Mama akaliweka kando bakuli la hina, akakoroga piko.

Asubuhi ya Idi wenziwe walimpokea msikitini kwa vicheko vya utani, wakimwita bwana harusi. Yeye aliyezoea safu ya mbele alisali ya nyuma kabisa, karibu na viatu. Alitusimulia mwenyewe, akicheka. Nilimwonea huruma, na kusema kweli nilimwonea hasira pia, kwa kule kucheka nao.

Idi ilipokwisha akaenda langoni, na nyapara akamchagua. Mama alipoona jua limepanda naye hajarudi, aliimba jikoni mpaka wali ukashika chini ya chungu, na hakuna aliyelalamika. Tulikuwa hatujajua kwamba nyapara hachagui kijana akamkalishe na sindano. Alimtia kwenye kundi la wabebaji. Yale magunia ya kahawa aliyokuwa akiyashona, sasa aliyachukua mgongoni, kutoka ghalani hadi kwenye tishari la kupelekea shehena melini.

Jioni aliingia akijishika ukutani. "Leo vijana hawakuniamkia shikamoo," alisema. "Wameniambia, we bwana, changamka." Alitaka tucheke, nasi tukacheka kidogo.

Siku zilivyokwenda, nyeupe ikaanza kuchungulia mashinani mwa ndevu. Ijumaa moja, baada ya sala, baba aliketi kwenye kigoda uani. Mama alimkanda mabega kwa mafuta ya nazi, taratibu, maana palikuwa pamevimba. Akamuuliza kama hawezi kumwambia yule nyapara ukweli.

"Nimwambie nini? Kwamba mimi mzee? Si ndiyo nirudi nyumbani?"

Mama alikoroga piko, akamwinua kidevu, akaanza kupaka. Hajafika hata nusu, baba akapitiwa na usingizi palepale alipoketi, uzito wote wa kichwa ukauangukia mkono wa mama. Nilidhani atamwamsha. Hakumwamsha. Alimshikilia vivyo hivyo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaendelea kupaka.