Klachi Ilivuja Nikiwa Kwenye Eda

Nilisoma hadi darasa la nne, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Majina sitaji, lakini wenye makosa ni wawili: shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, na fundi mmoja wa karibu na stendi ya Lindi. Wakisoma watajijua.

Mume wangu aliacha wake wawili na pikapu moja. Ilikuwa ya zamani, bodi imeliwa na chumvi, lakini ndiyo iliyobeba korosho na mihogo ya Kitomanga, kijijini kwetu, kwenda Lindi, na ndiyo iliyotulisha. Kabla hajafa aliwaambia ndugu zake: gari likiwa linatembea, libaki kwa wajane wangu, likifa, liuzwe, mgawane. Alidhani anatulinda. Kumbe amempa mdogo wake sababu ya kuliua.

Nikakaa eda miezi minne na siku kumi nyumbani kwangu, mke mwenzangu akakaa kwake, ng'ambo ya kijiji. Mjane wa eda hatoki kwenda kukagua gari. Shemeji akachukua ufunguo, akasema likisimama litaoza. Chumbani nilikuwa nalisikia likipita. Mwezi wa kwanza gia ziliingia vizuri. Wa pili zikaanza kulia, krrr, kila akiondoka. Nikamtuma binti yangu: mwambie baba yako mdogo aangalie mafuta ya klachi. Jibu likaja: "Mwambie mama asome Kurani, mambo ya gari atuachie wanaume." Mwezi wa tatu sikulisikia tena.

Siku niliyotoka eda ilikuwa Jumanne. Nilioga, nikabadili nguo, nikaenda moja kwa moja uani kwa shemeji. Pikapu ilikuwa kando ya banda la mbuzi, kuku anataga kwenye kiti cha dereva.

"Shemeji, imekufa hiyo," akasema. "Kikao cha ukoo ni Ijumaa baada ya sala. Mtu wa vyuma chakavu nimeshaongea naye."

"Umeongea naye kabla ya kikao?"

"Nawarahisishia wazee kazi."

"Ijumaa nitakuja nayo kwenye hicho kikao. Naendesha mwenyewe."

Alicheka hadi kofia ikamwanguka. "Shemeji, gari si mwiko wa ugali!"

"Hata mwiko wewe hujui kuushika. Nipe ufunguo."

Watu sita waliisukuma mpaka kwangu. Nikatandika turubai, nikaingia chini. Si kwamba mimi ni fundi. Mume wangu hakuwa na utingo wa kumsaidia na gari, kwa hiyo miaka yote hiyo utingo nilikuwa mimi, na macho ninayo.

Paipu ya klachi ni nyembamba kama kalamu. Inatoka pampu ya juu, karibu na pedali, inashuka hadi pampu ya chini kwenye gia boksi. Ukikanyaga, mafuta yanasukuma, klachi inaachia. Yakivuja, pedali inazama na gia haziingii. Pale paipu inapopita kando ya chesisi niliona imefungwa kipande cha mpira wa baiskeli, juu yake ikasilibwa utomvu wa mkorosho. Kwetu utomvu huo unagundisha kila kitu, mpaka mpini wa jembe. Lakini kwenye klachi yanatiwa mafuta ya breki, na mafuta ya breki yanababua hata rangi ya gari. Utomvu utayaweza wapi? Ulikuwa umelainika kama kamasi. Nikafungua kikopo cha mafuta juu, nikachovya kidole, nikanusa. Nazi! Shemeji alipoona yanapungua, akaongezea mafuta ya nazi. Wallahi. Raba za pampu zote mbili zilikuwa zimevimba kama maharage yaliyolowekwa.

Nilipoubandua ule mpira nikamwona na mkosaji wa pili. Paipu ilikuwa imelika upande mmoja mpaka inang'aa, kwa kusugua chesisi. Kibano cha kuishikilia hakikuwepo. Wa mwisho kuifungua alikuwa yule fundi wa Lindi, mume wangu akiwa mgonjwa, amekaa mbele ya gari anatweta. Fundi alirudisha paipu, kibano akakiacha mchangani.

Jumatano nikapanda basi, paipu nimeiviringisha kwenye khanga.

"Mama, mlete mzee tuongee," fundi akaniambia.

"Mzee yuko kaburini. Nikamwite, au utamfuata mwenyewe?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nikamwonyesha palipolika. "Hii uliifunga wewe bila kibano."

"Mimi? Hapa wanakuja wengi, mama."

"Gari lenyewe uliliita jeneza. Nilikuwepo, nimemshikilia mgonjwa."

Akachomoa paipu kuukuu kwenye lundo lake, akasema hii nzima. Nikaizamisha kwenye ndoo yake ya maji, nikaziba ncha moja kwa kidole, nikapuliza nyingine. Mapovu. "Nikatie mpya," nikamwambia, "na nitasimama hapa hapa." Nilisimama mpaka alipovisha nati na kuzipanua ncha zake. Vibano viwili nikavichagua mwenyewe, na raba za pampu, na chupa ya mafuta ya breki.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nimeshafunga kila kitu, raba mpya, paipu haigusi chuma popote. Ikabaki kutoa upepo ulioingia ndani ya paipu. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja: mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko chini na spana. Wanaume wa jirani wote walikuwa na shughuli ghafla. Shemeji alishapita kwao.

Nikaenda kwa mke mwenzangu. Miaka minane tulikuwa hatusalimiani ila msibani. Alikuwa anatwanga. Hakuacha.

"Bi mkubwa leo kapotea njia?"

"Nataka mguu wako."

"Wangu una nini?"

"Ukanyage klachi. Kesho gari lisipotembea, wewe na mimi tutarudi kwetu na mabakuli matupu."

Akauweka mchi chini. Tulipofika kwangu alipanda garini, akajifunga khanga vizuri, mimi nikazama chini.

"Kanyaga! Shikilia. Usiachie nisipokwambia."

"Miaka yote hiyo nikipita njiani nilikuwa najiuliza mnafanya nini huku uani mkipiga kelele, kanyaga, achia!"

"Sasa umejua. Achia. Kanyaga tena, wewe ulivyozoea kunikanyaga mimi!"

"Nawe bi mkubwa, mgongo wako mgumu kuliko hii pedali."

Nilicheka mafuta yakaniingia mdomoni. Machungu yale! Tulirudia mara nyingi sana, yanatoka mapovu, tunaongeza, yanatoka mapovu. Adhuhuri ikapita. Mguu wake ukaanza kutetemeka, nikamwambia badili, akasema hapana, nimeshauzoesha huu. Kisha yakatoka mafuta matupu, safi. Nikakaza nati. Juu nikasikia anasema, "Imekuwa ngumu. Inanisukuma."

Ijumaa baada ya sala tukaenda wote wawili. Nyumba ya kikao iko juu ya kilima cha mchanga. Nikabadili gia katikati ya mlima, makusudi, mbele ya macho yao. Iliingia kimya.

"Limesukumwa hilo," shemeji akasema.

Baba mkubwa wa ukoo, mzee kuliko wote mkekani, akaniambia, "Lirudishe nyuma, mwanangu." Nikalirudisha. "Lete mbele." Nikaleta. Akawageukia wenzake. "Marehemu alisema likitembea ni la wajane. Mna la kuongeza?"

Mimi nilikuwa nalo.

"Ufunguo wa pili," nikasema. "Shemeji anao."

"Ulipotea ule," shemeji akajibu.

Baba mkubwa akajinyoosha mkekani. "Basi hatuinuki hapa mpaka uonekane."

Tukakaa. Chai ikaletwa, ikanywewa, ikaletwa tena. Mtu wa vyuma chakavu alikuja na baiskeli, akaona hali, akageuza. Muda kidogo kabla ya adhana ya alasiri ufunguo ulionekana, mfukoni mwa shemeji. Nilimpa mke mwenzangu.