Gia Iliyong'okea Mkononi

Mtaani walimwita Mapazia, kwa sababu hapakuwa na dirisha la maana ambalo hakulivalisha. Alishonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango wazi, cherehani ikitazama barabara ili asipitwe na mteja wala umbea. Kazi ikiisha aliyakunja mapazia, akayapakia kwenye gari lake la rangi ya maziwa, fito zikachomoza dirishani na kitambaa chekundu kikipepea nchani, akaenda kuyapachika mwenyewe.

Gari lilikuwa kuukuu, la mviringo kama mkate, limetengenezwa kabla yeye hajazaliwa. Aliuziwa na mwalimu mstaafu aliyekuwa akilifuta vumbi kila asubuhi kabla hata ya kunywa chai. Halikuwahi kumgomea, mpaka mkono wa gia ulipoanza kulegea.

Mwanzo ulicheza kidogo tu. Baadaye ukawa unayumba kama jino la mtoto linalosubiri kung'oka. Aliitafuta gia ya pili akaangukia ya nne, gari likakohoa, likazima, na nyuma honi zikaanza kumsema. Mume wake alikuwa kinyozi, mwenye ulimi mkali kuliko wembe wake.

"Hapo hubadilishi gia tena," alimwambia. "Hapo unapiga ramli."

Siku ikafika alipokuwa akimpeleka mama mkwe wake kliniki ya macho. Wakasimama kwenye taa za njia panda. Taa ilipowaka kijani Mapazia akakanyaga klachi, akavuta gia, nayo ikaja yote. Ilibaki mkononi mwake, kirungu juu, chuma chini, inachuruzika grisi kwenye gauni. Askari wa barabarani akaja mbio.

"Mama, mbona husogei? Unafunga njia!"

Mapazia akamwonyesha alichoshika. "Nisogee na nini, afande?"

Askari alikitazama kile chuma, akajaribu kukunja uso, akashindwa. Alicheka hadi akavua kofia. Kisha akaita wapita njia, wakalisukuma gari pembeni, huku mama mkwe ameketi wima ndani, mkoba mapajani, akiwaamuru, "Taratibu, jamani! Gari la heshima hili!"

Kliniki waliikosa, na gari likavutwa kwa kamba hadi nyumbani. Jioni ile kinyozi hakutania.

"Kuna mtu mwenye mgahawa analitaka," alisema. "Nimemwambia aje kuliona."

"Anataka kuliendesha?"

"Hapana. Ataliweka bustanini, apande maua ndani."

Mapazia aliweka kikombe chini. "Gari langu liwe chungu cha maua?"

"Mke wangu, leo umeng'oa gia ukiwa na mama yangu ndani. Ingekuwa mteremkoni je?"

Hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Lakini asubuhi hakufungua cherehani. Alikwenda kwa fundi wa magari wa kona, akamweleza.

"Giaboksi ishushwe," fundi alisema, bila kuinuka kutoka chini ya lori. "Halafu tutafute vipuri vya gari kama hilo. Sijui kama limebaki lingine."

"Giaboksi ina kosa gani?"

"Sitajua mpaka niishushe."

"Kwa hiyo unampasua mgonjwa ndipo umuulize anaumwa wapi?"

Fundi akatoa kichwa nje, akacheka. "Haya, dada. Kama una roho hiyo, anza kufungua kwa juu. Na uiangalie pini pia."

Mapazia alikuwa ameshageuka, amekasirika, akasikia nusu tu.

Nyumbani alivua zulia la gari, akafungua mpira wa kuzuia vumbi, akaingiza vidole pale mkono wa gia ulipokuwa umekaa. Palikuwa na kitundu kama kikombe kidogo, na ndani yake makombo ya njano yanayomong'onyoka kama biskuti. Yalikuwa mabaki ya bushi, pete ya plastiki inayokizuia chuma kisisugue chuma. Alikaa kitako akayatazama. Ugonjwa huu aliujua. Cherehani yake iliwahi kuruka mishono, kila mtu akamwambia anunue nyingine, kumbe bushi ilikuwa imekwisha.

Maduka ya vipuri yote yalitikisa kichwa. Basi akafanya anachokiweza: akachukua mkasi, akakata pete za ngozi kutoka kwenye mkanda mnene aliouona umening'inia mlangoni, akazipaka grisi, akazipachika. Gia ikakaa vizuri ajabu. Ilikaa mpaka mwisho wa mtaa, ngozi ikalainika, ikajikunja, na gia ikaanza kuyumba upya. Aliporudi alimkuta mume wake chumbani ameshika suruali kiunoni.

"Mkanda wangu uko wapi?"

"Uko kwenye gari."

"Yaani mimi nitembee nimeshika suruali ili gari lako libadilishe gia?"

Mama mkwe alicheka jikoni mpaka akaangusha kijiko.

Mapazia hakukata tamaa. Aliyafunga makombo kwenye kitambaa akayapeleka kwa mkereza vyuma. Mkereza akayapima, akasema pete hiyo angeweza kuikereza, ila apate plastiki ngumu na nene. Mapazia alirudi akikagua kila kitu kwa macho, ndoo, viti, mabomba, hadi alipoingia jikoni akaona ubao mweupe wa plastiki wa mama mkwe, wa kukatia vitunguu. Akasimama pale akisitasita.

"Sema tu," mama mkwe alisema.

"Mama, naomba ubao wako. Nikiuchukua, haurudi."

Yule mama aliufuta maji kwa kanga yake, akampa. "Vitunguu nitakatia kwenye sahani. Mwanangu ananipenda, lakini kila siku ananiambia nipumzike. Wewe peke yako ndiye unayeniuliza tunaenda wapi."

Mapazia alitoka haraka asije akaonekana anafuta macho.

Bushi mpya ilitoka nyeupe, safi, na nene kupita kiasi. Gia ilikaza kama imepigwa saruji. Akaanza kuisugua kwa msasa kidogo kidogo, anapachika, anajaribu, anachomoa, anasugua tena, katikati ya pindo za mapazia ya watu. Ilipokubali kuingia bado kulikuwa na kuchezacheza. Hapo ndipo maneno ya fundi yalipomrudia. Akaivuta pini inayoshikilia mkono wa gia: ilikuwa imelika katikati kama kiuno cha nyigu.

Alirudi kwa fundi nayo kiganjani.

"Nilikwambia pini," fundi alisema.

"Uliniambia. Hasira ndiyo iliyoziba masikio."

Fundi alichonga nyingine kutoka kwenye bolti ngumu, akaja mwenyewe kuipachika. Akaitikisa gia huku na huku, kisha akainama kuichungulia bushi ile nyeupe. "Hii nisingeifikiria," alisema. "Sasa nenda nayo barabarani kabla hujaisifu."

Mapazia alizunguka mtaa, akapanda mlima wa nyuma ya soko, akashuka. Moja, mbili, tatu, nne, kila moja ikaingia mahali pake kwa kishindo kidogo cha kuridhisha. Aliporudi, mwenye mgahawa alikuwa mlangoni na kinyozi.

"Samahani, kaka," Mapazia alimwambia kupitia dirishani, injini ikinguruma. "Gari hili lina kazi."

Kinyozi alizunguka, akaingia mbele, akashika mkono wa gia, akautikisa kwa nguvu. Haukuyumba.

"Mpeleke mama," alisema. "Nami nije niwasindikize."

Walikwenda wote watatu. Daktari wa macho alipanga siku ya upasuaji, na siku hiyo pia walikwenda na gari lilelile. Rivasi, gia ya kurudi nyuma, bado inabembelezwa ndipo iingie. Mapazia anasema ataifungua akimaliza mapazia ya hoteli.